Neti Zilizosubiri Mgeni Rasmi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu ya pili ya mwezi Machi, dimbwi lililokuwa mbele ya duka la muziki jirani na soko la Kilwa Masoko lilikuwa na viluwiluwi. Restuta alichuchumaa pembeni yake. Raba zake nyeupe alikuwa amezivua na kuziweka juu ya tofali, na pindo la gauni lake la kitenge cha kijani amelifumbata kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alichota maji kwa kikombe cha chai na kuyamimina taratibu kwenye chupa ya jemu. Bodaboda zilimpita zikipiga honi. Akina mama wenye ndoo za samaki walimtazama, wakatazamana, wakampitia mbali.

Mlango wa duka ukafunguliwa.

"Dada, unachota nini mlangoni kwangu?"

Restuta hakuinua kichwa. "Mbu wako."

"Mbu wangu mimi?"

"Dimbwi liko chini ya ngazi yako. Ulitaka wawe wa nani?"

Kijana alishuka ngazi moja, akasita. Alikuwa mrefu, fulana nyeusi, vipokea sauti vimening'inia shingoni, bisibisi mfukoni. "Naomba uyarudishe maji hayo yalipokuwa. Jana nimefunga mashine mpya. Leo asubuhi na mapema mtu anakuja pekupeku, anachota maji ya mlangoni kwangu, anatia chupani. Soko zima limeona. Niwaambie nini?"

Hapo ndipo Restuta alipoelewa, akacheka mpaka maji kidogo yakamwagika. "Unadhani nakuloga?"

"Sijasema hivyo. Nimeuliza chupa ni ya nini."

"Njoo uone basi. Ukiogopa simama huko huko." Aliinyanyua chupa juani. "Hawa waliolala sambamba na uso wa maji, unawaona? Hao ndio watakaobeba malaria. Wale wanaoning'inia kichwa chini ni mbu wengine. Hawa waliolala ndio nawatafuta. Wanapenda maji masafi kidogo, yenye jua, kama haya yako."

Kijana aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Na wote wanauma?"

"Jike tu. Dume kazi yake ni kunyonya maji ya maua na kupiga kelele. Kama wenye maduka ya muziki."

Alicheka kwa sauti nene iliyowafanya akina mama wa samaki wageuke tena. Jina lake Optatus Mbonde, akasema, mtu wa Kipatimu, fundi mitambo. Ana spika za kukodisha na chumba kidogo cha kurekodia. Naye nani? Mwalimu Restuta, mzaliwa wa Rutamba, anafundisha darasa la pili, shule iliyo nyuma ya barabara ya bandarini. Viluwiluwi ni vya somo la saa mbili.

"Na dimbwi?" Optatus aliuliza.

"Dimbwi ni lako. Lifukie."

"Nipe namba, nikutumie picha. Usije ukasema sijafukia."

Saa sita na nusu picha ikaingia. Dimbwi lilikuwa limejazwa kifusi, na juu ya kifusi kiti cha plastiki. Chini yake Optatus alikuwa ameandika: *Marehemu tumemzika. Karibu msibani.* Restuta alisoma mara mbili, akafunga simu, akafundisha kipindi cha mwisho huku akitabasamu bila sababu ambayo wanafunzi wangeweza kuitambua.

Darasa lake lilikuwa na watoto sitini na mmoja. Nyimbo za kuhimiza afya alizozikuta shuleni zilikuwa za kuagiza: fanyeni hivi, msifanye vile. Watoto waliziimba vizuri na kuzisahau getini. Restuta aliweka utaratibu wake. Kiitikio alitunga yeye, cha darasa zima:

*Mbu jike, mbu jike, leo hunipati,*
*nimeingia ndani, nimechomeka neti.*

Mistari ya katikati kila mtoto alileta wake, kwa sharti moja: aimbe alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Cha kusikia hakikukubaliwa. Darasa linauliza, "Umeona?" Mtoto anajibu, "Nimeona!" Kisha anasema. Nimeona dimbwi nyuma ya kisima. Nimeona neti imefunika vifaranga. Nimeona baba amelala nje ya neti, anajikuna. Wiki ya kwanza tu wazazi wanne walikuja shuleni kulalamika kwamba siri za nyumbani zinaimbwa. Restuta aliwauliza kama kilichoimbwa ni uongo. Hakuna aliyesema ni uongo. Wawili walikwenda kuwavua vifaranga neti.

Restuta alimwomba Optatus aurekodi wimbo huo, naye akaanza kuja kila Alhamisi saa saba, na kinanda kidogo na kinasa sauti. Alirekodi watoto watano watano chini ya dirisha, akawafundisha kuhesabu mapigo kwa vidole. Akimaliza alikuwa hana haraka ya kuondoka.

"Mwalimu, unajua umekaza sana?" alimwambia kwenye simu jioni moja. "Mtoto kasema ameona mbu mkubwa kama kuku, umemkatalia."

"Alimwona?"

"Ni sanaa, Restuta."

"Ni darasa la pili. Akiimba kuku leo, kesho hataniamini nikisema homa."

"Haya. Na mimi nikisema nimeona mwanamke mzuri kuliko wote Kilwa nzima?"

"Umewaona wote?"

"Bado wachache wa kule Somanga."

"Basi maliza kwanza utafiti, fundi."

Lakini Jumapili, baada ya misa, alivaa blauzi nyeupe ya mikono mifupi na sketi ya bluu iliyomkaa vyema kiunoni, akakubali kwenda naye ufukwe wa Jimbizi kula mihogo ya kukaanga. Optatus alikuwa amenyoa na kuvaa shati lililopigwa pasi mara nyingi kupita kiasi. Alimwita laazizi kwa majaribio, kama mtu anayejaribu maikrofoni. Restuta alisema, "Rudia, sijasikia vizuri." Akarudia.

Jumanne ya tarehe nane Aprili, lori la mradi mmoja wa afya lilileta vyandarua shuleni. Mwalimu mkuu Bakary alihesabu, akasaini, akaamuru marobota yaingizwe stoo. Neti mia sita na arobaini, moja kwa kila mwanafunzi wa shule nzima. Kesho yake Restuta alikwenda ofisini na orodha ya majina.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuulizia neti. Wangu nimeshawaandika. Naweza kugawa leo saa nane."

Bakary alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni, aliyebakiza miaka miwili astaafu bila doa. "Haziwezi kutoka. Kuna uzinduzi."

"Uzinduzi wa nini, mkuu? Wa neti?"

"Mgeni rasmi anatoka Dar. Atazikabidhi kwa mkono wake. Wanafunzi wataimba, waandishi watapiga picha. Na wimbo wenyewe ni wako. Ungefurahi."

"Ni lini?"

"Tarehe kumi na sita."

Tarehe kumi na sita mgeni rasmi alipata dharura. Ikapangwa tarehe ishirini na tano, Siku ya Malaria Duniani. Tarehe ishirini na mbili ikaja simu: uzinduzi umesogezwa hadi tarehe kumi na tano Mei. Walimu hawakuambiwa sababu.

Mvua haikusogezwa. Masika yale yalinyesha siku tisa mfululizo, yakaacha maji kwenye kila alama ya gurudumu kutoka stendi hadi bandarini. Restuta aliweka daftari. Aliandika jina la kila mtoto asiyefika, na aliporudi aliomba kuona karatasi ya zahanati. Hakuandika "homa" kwa sababu mama amesema homa. Aliandika malaria pale tu kipimo cha damu kilipoonyesha malaria. Hadi tarehe mbili Mei alikuwa na majina kumi na moja. Kutoka dawati la mbele la darasa lake hadi mlango wa stoo palikuwa na hatua kumi na tisa. Alizipima kwa miguu, akaziandika pia.

"Hatua kumi na tisa, Optatus!" alikuwa amemwambia tarehe ishirini na mbili Aprili, siku ile uzinduzi uliposogezwa. Alikuwa amesimama uani na simu, sauti yake kavu. "Neti zipo, watoto wapo, mbu wapo. Anayekosekana ni mtu wa kupigwa picha. Hivi mtu mzima anaweza kulala usingizi akijua kuna neti mia sita zimefungiwa kufuli zikimsubiri yeye akate utepe?"

Restuta aliitazama simu kama imekatika.

"Upo?"

"Nipo, mpenzi. Mambo ya wakubwa hayo."

"Mambo ya wakubwa ndio nini? Kuna mtu mmoja ameahirisha, ana jina. Nitamjua."

"Pumzika kwanza," Optatus alisema. "Ijumaa nina harusi Kivinje, nitakuletea pilau."

Alileta pilau, na Restuta akala. Alikumbuka hilo baadaye.

Alhamisi ya tarehe ishirini na nne Aprili ilikuwa zamu ya Esha. Alikuwa na miaka minane, mdogo wa mwili, mwenye sauti nyembamba isiyotetereka. Darasa liliuliza, "Umeona?" Esha akajibu, "Nimeona!" na kuimba: "Neti yangu iko stoo, nimechungulia dirishani, mlango una kufuli."

Optatus alisimamisha kinasa sauti. "Mwalimu, huu nao?"

"Esha, uliona kweli?"

"Nimeona, mwalimu. Nilipanda juu ya ndoo."

"Basi umeona. Rekodi, fundi."

Jumatatu ya tarehe tano Mei, saa tatu kasoro kumi, Esha aliweka kichwa juu ya dawati. Restuta alipomgusa shingo alikuta inaunguza. Alikuwa hajamaliza kumwinua, mtoto akakakamaa, macho yakageuka, miguu ikaanza kupiga dawati. Watoto walipiga kelele. Mtu akasema degedege, mtu akasema aitwe mganga. Restuta alimlaza ubavu, akawatoa wengine nje, akasimamisha bodaboda barabarani. Kipimo cha zahanati kilionyesha malaria. Saa tano gari la wagonjwa lilimchukua Esha na mama yake, Amina, kwenda hospitalini Kivinje. Amina alikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Kabla mlango wa gari haujafungwa alimshika Restuta mkono.

"Mwalimu, neti yake si ipo?"

"Ipo, mama Esha."

"Sasa ilikuwa inangoja nini?"

Restuta aliisogeza chupa ya dripu isimgonge Esha, mlango ukafungwa.

Kesho yake Bakary alimwita ofisini. Mezani palikuwa na spika ndogo na flashi ya Optatus, yenye wimbo uliotakiwa kupelekwa mradini. Bakary aliucheza hadi kwa Esha, akauzima.

"Huu mstari utoke."

"Mtoto aliyeuimba yuko wodini, mkuu."

"Ninampa pole. Lakini utoke. Unataka mgeni rasmi asimame pale asikie kwamba Bakary ameweka kufuli?"

"Si umeweka?"

"Mwalimu Restuta!" Aligonga meza, kalamu moja ikaanguka. "Kila mtu shuleni hapa ananitazama kama mchawi. Mimi nimeambiwa kuna uzinduzi, nikangoja. Unataka kumjua aliyechelewesha? Kamuulize mchumba wako. Tarehe ishirini na tano mgeni alikuwa tayari, viti vilikuwa tayari. Uliokosekana ni muziki. Fundi alisema spika zake zina harusi. Mradi ukaona haiwezekani kuzindua bila muziki, wakasogeza. Kamuulize."

Restuta aliokota ile kalamu, akairudisha mezani, akatoka.

Alimkuta Optatus dukani, amevaa vipokea sauti, anatikisa kichwa taratibu. Alipomwona alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

"Tarehe ishirini na tano ulikuwa wapi?"

"Kivinje, harusini. Si nilikuletea…"

"Najua ulichoniletea. Mradi ulikupigia kabla?"

Alivua vipokea sauti. "Walinipigia. Wakaniuliza spika zipo tarehe ishirini na tano? Nikasema zina kazi. Basi, ikaishia hapo. Restuta, sikujua kama watahamisha tarehe. Nilidhani watatafuta muziki mwingine, au watagawa hivyo hivyo. Nani anaahirisha neti kwa sababu ya spika?"

"Na wewe ulijua lini kwamba wameahirisha kwa sababu ya spika?"

Optatus aliuzungusha waya wa vipokea sauti kidoleni.

"Nakuuliza swali lenye tarehe."

"Siku ile uliyonipigia. Ishirini na mbili."

"Leo ni tarehe sita Mei."

"Najua."

"Ungewapigia ukawaambia wagawe bila muziki. Ungeniambia mimi niwapigie. Wiki mbili unaniita laazizi, unaniita mpenzi, na hili umelifungia kinywani. Una tofauti gani na lile kufuli?"

"Niliogopa utanichukia."

"Basi nimekuchukia. Na Esha yuko hospitali, na neti ziko stoo. Umepata nini?"

Optatus aliinuka, akanyoosha mkono. Restuta alirudi nyuma hatua moja, na mkono ule ukabaki hewani, kisha ukashuka.

Njiani alifanya hesabu, kwa sababu hesabu ilimtuliza. Vimelea vya malaria, mtu akishaumwa na mbu, kwa kawaida huchukua siku saba hadi kumi na nne kabla homa haijapanda. Esha alianguka tarehe tano Mei. Kwa hiyo aliumwa kati ya tarehe ishirini na moja na ishirini na nane Aprili. Neti zingegawiwa tarehe ishirini na tano zingeweza kumwokoa, na zingeweza kuwa zimechelewa. Hesabu haikumtia Optatus hatiani, wala haikumwachia. Lakini neti zingegawiwa tarehe tisa, siku aliyokwenda na orodha yake, hakuna hesabu iliyokuwa na shaka. Hasira yake haikupungua. Ilipata tu mahali sahihi pa kukaa.

Optatus alipiga simu mara tano Jumatano. Hakupokea. Alhamisi haikulia hata mara moja, na hilo nalo lilimuudhi.

Alhamisi hiyo, saa kumi na robo jioni, alimkuta getini. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, macho mekundu kwa uchovu wa safari.

"Kama umekuja kuniomba msamaha…"

"Sijaja kuomba. Nimeleta karatasi." Alitoa bahasha ndani ya fulana. "Nimetoka Lindi. Nimepanda basi la alfajiri, nikaenda kwenye ghala la mradi. Nilimwambia mtunza ghala, anaitwa Faustino, kwamba nataka kuona maandishi yanayosema neti zisitoke bila uzinduzi. Nikamwambia nisipoyaona siondoki. Akatafuta faili zima. Hayapo. Akanipa nakala ya hati ya makabidhiano. Soma kifungu cha nne."

Restuta alisoma amesimama. Kifungu cha nne kilikuwa na mstari mmoja: *Vyandarua vigawiwe kwa walengwa ndani ya siku saba tangu kupokelewa.* Neno uzinduzi halikuwapo kwenye ukurasa wote. Chini kabisa, kwa wino wa bluu, palikuwa na sahihi ya mwalimu mkuu Bakary na tarehe nane Aprili.

Alisoma tena. Kwa siku thelathini, watu wazima wenye ofisi walikuwa wametii simu, na karatasi waliyoisaini wenyewe hakuna aliyeisoma.

"Asante kwa karatasi," alisema.

"Restuta."

"Nimesema asante kwa karatasi."

Ijumaa saa moja na nusu, Amina, aliyerudi Masoko usiku wa kuamkia siku hiyo kufuata nguo za mtoto, aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa na Restuta na wajumbe watatu wa kamati. Alikuwa amejifunga khanga mbili na hakuketi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mama Esha. Mtoto anaendeleaje?"

"Amefumbua macho, anakula uji. Nimekuja na hii." Aliiweka nakala mezani. "Mimi shule yangu iliishia la saba, lakini hapa naona siku saba. Na hii naona ni sahihi yako."

Bakary alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma. Alichukua muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji. "Mimi niliambiwa kwa simu…"

"Simu ilisainiwa na nani?" Restuta aliuliza.

"Mwalimu, ningejua…"

"Siku saba ziko juu ya sahihi yako, mkuu."

Bakary alifungua droo, akatoa ufunguo, akauweka juu ya karatasi bila kumtazama mtu. Saa mbili na dakika tano kufuli lilifunguliwa. Robota la juu lilikuwa limetafunwa na panya. Neti nne hazikufaa. Mia sita na thelathini na sita ziligawiwa kabla ya saa saba, darasa kwa darasa, watoto wakitia alama ya kidole. Waliokosa waliandikwa, na wanne hao walikuwa wa darasa la saba, waliosema wenyewe wadogo watangulie. Hapakuwa na spika. Watoto waliimba kwa midomo yao, na sauti ilifika hadi barabarani.

Jumatatu Restuta alipewa barua ya kujieleza kwa nini amevuruga ratiba ya uzinduzi. Alijibu kwa mistari mitatu na kuambatanisha kifungu cha nne. Hakuna aliyemwandikia tena.

Uzinduzi ulifanyika hata hivyo, Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa. Mwalimu mkuu alikuwa amewaomba watoto warudishe neti shuleni kwa siku moja, zikabidhiwe upya kwa ajili ya picha. Darasa la pili hakuna aliyerudisha. Restuta alikuwa amewaambia jambo moja tu: neti ikishatundikwa haiteremshwi kwa sababu ya mgeni. Saa nne mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani, na muziki ulikuwa haujafika pia. Optatus, walisema, amejibu mradi kwamba siku hiyo ana kazi.

Restuta alipata ruhusa ya kwenda kumwona Esha, aliyetolewa hospitali juzi yake. Alipokaribia nyumba ya Amina alisikia nyundo. Aliingia, akamkuta Optatus amesimama juu ya kitanda pekupeku, misumari midomoni, anafunga kamba ya neti kwenye boriti. Esha alikuwa ameketi mkekani, anamwelekeza.

"Kushoto, fundi. Imepinda."

"Mm-hm," alisema Optatus, misumari ikiwa bado mdomoni.

"Hii ni ya kumi na saba tangu jana," Amina alisema toka mlangoni, akipepeta mchele. "Anapita nyumba kwa nyumba. Watu walizipeleka neti kabatini, hawana misumari wala kamba. Mwalimu, mtu huyu umemfanya nini? Kila akigonga msumari anaguna jina lako."

"Mama Esha, sijaguna," Optatus alisema, misumari ikamwanguka.

"Umeguna," Esha alisema. "Nimesikia."

"Umesikia tu, hujaona," Optatus alimwambia. "Hairuhusiwi." Restuta alicheka kabla hajajizuia.

Optatus alimtazama toka juu. Tabasamu halikuwapo. "Nilikosa, Restuta. Si kwa kusema spika zina kazi. Zilikuwa na kazi kweli. Nilikosa niliponyamaza. Nilijua, nikanyamaza wiki mbili, mtoto huyu akiwa analala bila neti. Sina maneno mengine."

"Hayo yanatosha. Ni ya kweli."

"Basi nina neno jingine." Alishika boriti. "Nataka nikuoe."

"Usiniulize ukiwa umesimama juu ya kitanda cha watu!"

"Nikishuka nitaogopa."

Amina aliacha kupepeta. Esha alitazama huku na huku, mdomo wazi. Restuta alilishika pindo la neti lililokuwa likining'inia, akalichomeka chini ya godoro upande mmoja, kisha upande wa pili, bila haraka.

"Kwetu ni Rutamba," alisema. "Anayepokea barua ni mjomba wangu Sixbert. Na mimi nitamweleza yote, tarehe kwa tarehe, kabla haijafika."

"Mwambie," Optatus alisema. "Hata ya spika."

"Hasa ya spika."

Amina akapiga kigelegele, kirefu, mpaka majirani wakachungulia.

Jumamosi ya tarehe thelathini na moja Mei, saa nne asubuhi, mshenga wa Optatus, mzee Klementi wa Kipatimu, alifika Rutamba na barua ya posa. Mjomba Sixbert alimkaribisha kiti, akampa maji, akaiweka bahasha mezani bila kuifungua; posa atakayoikataa huirudisha haijafunguliwa. Kisha akampigia simu Restuta, akaweka sauti ya wazi ili mgeni asikie.

"Mwanangu, huyu ndiye yule wa spika?"

"Ndiye, mjomba."

"Alikuambia mwenyewe, au ulimgundua?"

"Nilimgundua. Ndipo akasema."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi anasema kabla sijauliza. Wiki iliyopita alinipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniambia ameharibu kinanda cha kanisa."

Mzee Klementi alitazama chini. Mjomba Sixbert alikohoa. "Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, mjomba."

Saa nne na dakika ishirini, mbele ya shangazi wawili na mshenga, mjomba Sixbert alichukua kisu kidogo, akaifungua bahasha.